Asumpta na Kitoto cha Dume

“Mmenila mimi. Ruhuwiko nzima, kuanzia barabara kubwa hadi kule mtoni, mmekula vitoto vyangu vyote mkalamba na vidole, sasa nimebaki mimi mwenyewe na mifupa yangu. Leteni chumvi basi, leteni na ndimu, mnimalizie.”

Huyo ni Rupert, Jumapili baada ya misa ya pili, uani kwa balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Isidori. Alisema “mmenila” kama vile analaumu mji mzima, lakini aliyekuwa anamtolea macho alikuwa mtu mmoja tu, Asumpta, amekaa kwenye kigoda mbele yake, mikono mapajani. Nyuma yao, kwenye mparachichi wa balozi, alikuwa amefungwa kwa kamba ya katani nguruwe jike, mweupe, mpana, jina lake Madamu. Ni nguruwe wa Asumpta. Rupert alikwenda kumfungua bandani asubuhi wakati mwenyewe yuko kanisani anaimba, akamkokota hadi pale. Sasa alikuwa anasubiri balozi aseme neno moja tu, aondoke naye jumla.

Sisi majirani tulijaa uani. Hakuna aliyetuita. Jumapili kwetu sinema hakuna, ugomvi upo.

Nikueleze kwanza desturi yenyewe, maana bila hiyo utamwona Rupert ni mwizi wa mchana, na yeye alijiona ni mtu anayedai haki. Kwetu ukipeleka nguruwe wako jike kwa dume la mtu, huendi na hela. Unakwenda na jike lako na debe la machicha ya komoni, pombe yetu ya mahindi, la kumchangamsha dume, basi. Malipo yanakuja baadaye. Jike likizaa, vitoto vikiacha ziwa, mwenye dume anakuja kuchagua kimoja, tena anachagua wa kwanza, kabla hata ya mwenye jike. Hicho ndicho kinaitwa kitoto cha dume. Na ukikificha, ukasema vimekufa kumbe umeviuza gizani kwa watu wa kitimoto, mwenye dume ana haki ya kuchukua jike lenyewe. Akae nalo, lizae kwake, achukue chake, kisha akurudishie akipenda. Sijawahi kuona aliyependa.

Rupert alikuwa mtunza ghala kwenye chama cha ushirika, enzi zile mahindi yetu yananunuliwa hata yenye vumbi. Likaja soko huria, likaja na neno jipya, kupunguzwa, na Rupert akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Alirudi nyumbani na redio moja na kiti cha ofisi cha kuzunguka, ambacho mpaka leo hakuna anayejua alikipataje. Kiinua mgongo chake akanunulia dume dogo la mbegu ya kizungu, akalilea, akaliita Meneja, ili kila asubuhi apate raha ya kusema, “Meneja, kula pumba.”

Na Meneja akawa dume kweli. Kichwa kama ndoo, mgongo unaweza kutandika mkeka ukalala, na huko nyuma mapumbu yake yalikaa kama maboga mawili yaliyokosa gunia. Wanaume tulikuwa tunapita pale bandani kumwangalia, kisha tunaondoka hatuna la kusema. Majike ya Ruhuwiko yote yalikuwa yanapelekwa kwake, na mengine ya Msamala, na kuna mama mmoja alimswaga jike lake kutoka njia ya Peramiho kwa miguu. Rupert alikuwa anakaa kwenye kile kiti chake cha kuzunguka mbele ya banda, anapokea machicha kama waziri anapokea maua.

Asumpta naye, sasa. Kwao ni upande wa Peramiho. Alisoma mpaka darasa la nne, halafu akaingia kwenye kazi za jikoni na za mabanda, akawa mtu wa kulisha nguruwe mpaka akaolewa na Mathias, Mmatengo wa Mbinga mwenye maneno matamu na shamba dogo hapa Ruhuwiko. Hawakupata mtoto. Asumpta alipelekwa kwa mganga wa huku, akapelekwa kwa mganga wa kule, akanyweshwa mizizi, akachanjwa chale tumboni, akafanyiwa novena. Mathias hakupelekwa popote. Ndiyo maana mpaka leo anaitwa Asumpta tu, dada Asumpta kwa wenye adabu, wakati wanawake wenzake wote ni Mama fulani. Rupert na mke wake Brigita, kwa mfano, ni Baba Clinton na Mama Clinton, sababu mtoto wao wa mwisho alizaliwa wakati redio inalitaja jina hilo asubuhi na jioni, wakaona ni jina la mtu anayesikika.

Halafu Tunduru wakaokota mawe. Watu wakaacha majembe shambani, wengine wakaacha na wake, wakakimbilia vito. Mathias naye alifunga begi, akasema atarudi kabla ya Pasaka. Hakusema Pasaka ipi.

Akamwachia Asumpta mahindi. Mwaka ule mahindi yalikuwa yamezaa kwa hasira, lakini chama hakinunui tena, na wanunuzi wa soko huria walikuwa wanakuja na mzani wao ambao ukipanda mtoto juu yake unakuambia ni paka. Dumuzi wakaanza kula mahindi ndani ya kihenge, unasikia kabisa usiku wanasaga. Asumpta akasema, afadhali yaliwe na walevi. Akaanza kupika komoni. Komoni ikatoa machicha, machicha yakataka mdomo wa kuyala, akatafuta kitoto cha nguruwe jike, akakilea. Ndiye Madamu. Alimpa jina hilo sababu ya mwendo wake, maana anatembea kama mwalimu mkuu anayekagua kucha.

Watu walicheka. Lakini tuliokuwa tunakunywa pale kwake tulikuwa tunajua jambo moja. Shamba lilikuwa la Mathias. Nyumba ya Mathias. Hata sufuria kubwa ya kupikia pombe, ndugu za Mathias walishakuja kuiangalia wakaigonga kwa vidole kusikia kama ni nzito. Madamu alikuwa wa Asumpta. Hakuna shemeji aliyekuwa anaweza kuja kumgonga kwa vidole. Alizaa mara ya kwanza vitoto vizima, Rupert akaja akachagua kitoto chake cha dume, safi, hakuna neno. Asumpta akaezeka bati jiko. Alipanga uzao wa pili aingizie maji, wa tatu anunue kiwanja kwa jina lake, kule juu, ambako Mathias akirudi itabidi abishe hodi.

Hicho ndicho Rupert alikuwa amekifunga kamba kwenye mparachichi.

Sasa balozi Isidori, ambaye kila kesi huianza kwa kukohoa, akakohoa. Akasema Baba Clinton amesikika, analalamika kwamba Madamu alipandwa na Meneja, mimba ikaonekana, siku zikatimia, na vitoto havikuonekana. Na si huyo tu. Rupert anasema majike yote yaliyopandwa tangu mvua za mwanzo, hajapata hata mkia. Kwa hiyo anasema wanawake wa Ruhuwiko wamefanya mpango, wanauza vitoto gizani, na mkuu wao ni huyu mpika pombe, maana kila mpango mbaya unaanzia kilabuni. Asumpta anasemaje?

Asumpta aliinama. Akafungua fundo la kanga aliyokuwa ameiweka chini ya kigoda, akaikunjua miguuni pa balozi.

Ndani mlikuwa na vitu vyeusi, vikavu, vimejikunja. Kimoja kama kidole gumba, kimoja kama kiganja, kingine kirefu zaidi kidogo. Ukiwa mbali ungesema ni makopa ya muhogo yaliyounguzwa na moto. Akasema Madamu alipozaa, hivyo ndivyo vilivyotoka, kimoja kimoja, kikavu, hakuna kilicholia. Vingine alivizika kwenye migomba. Hivi vitatu aliviweka kwenye jivu la jiko, juu ya dari, vikae.

Mzee Isidori akamuuliza kwa nini aliviweka. Mtu mwenye akili anazika vyote, anawasha ubani, ananyamaza.

“Nilijua atakuja mtu,” Asumpta akasema.

Rupert alichungulia, akarudi nyuma, halafu akacheka kicheko cha nguvu kuliko ilivyohitajika. Akasema hao ni panya. Ni panya wa kukausha, wa Kimatengo kabisa, mume wake alimwachia fungu zima kwenye dari, na sasa anatuletea kitoweo kwenye kesi. Baadhi yetu tukacheka, maana panya wa kukausha kwetu ni chakula cha heshima, na kweli ukimweka mmoja kwenye kanga nyeusi huwezi kuapa.

Lakini balozi wetu, pamoja na kukohoa kwake, ni mtu aliyekula panya tangu hajaota meno. Akaokota kile kikubwa, akakigeuza juani, akakipapasa mguu, akamwita Rupert asogee. Akamuuliza amewahi kula panya mwenye kwato.

Rupert akatazama kwato. Zilikuwepo, mbilimbili, ndogo kama punje za mtama. Ungetegemea mtu mzima hapo aseme, basi, tuketi, tuzungumze. Rupert hakuwa mtu wa kuketi. Aliona watu wanamwangalia, akaona Madamu anamponyoka, akatafuta kitu cha kurusha, akakipata.

“Basi ni tumbo,” akasema. “Nguruwe amefanana na mwenye nyumba. Kila kinachoingia kwenye ua ule kinakauka.”

Hapo hata waliokuwa wanatafuna miwa waliacha. Kuna maneno sote tulishayasema, lakini jikoni, lakini njiani, lakini mtu akishapita. Hayajawahi kusemwa mbele ya uso wake juani, mbele ya balozi, na kanga imekunjuliwa.

Asumpta alinyanyuka pole pole. Nimemwona mwanamke huyu akimtoa mlevi wa kilo tisini kilabuni kwa kumshika sikio. Nimemwona akimwagia maji ya kuoshea vyungu mgambo aliyekuja kuomba komoni ya bure. Hasira yake ilikuwa inajulikana, tulikuwa tunaitania, tukisema serikali ingeifunga waya ingepata umeme Songea nzima. Siku ile haikuwa hiyo. Ilikuwa ya chini, haina sauti.

“Rudia,” akasema.

Rupert akasogea upande wa kamba ya Madamu.

Na aliyezungumza akawa mtu ambaye hakuna aliyemtegemea. Brigita, Mama Clinton, mke wa Rupert mwenyewe. Mama huyu ni mpole kiasi kwamba kuku wake wanamshinda sauti. Alikuwa amesimama nyuma kabisa karibu na choo cha balozi, ana mtoto mgongoni. Akasogea mbele, watu wakampisha wakidhani anakuja kumvuta mume wake nyumbani.

“Baba Clinton, waeleze na ya Meneja,” akasema. “Au nieleze mimi niliyemkanda?”

Rupert akamwambia arudi nyumbani. Akamwambia tena, kwa Kingoni, na lile la pili silitafsiri. Brigita akampandisha mtoto vizuri mgongoni, akaeleza.

Alisema mvua zilipoanza tu, Meneja aliacha kula. Akawa anatetemeka, mwili wa moto, halafu mapumbu yakavimba. Moja likazidi lenzake, yakawa mekundu, yanang'aa, mpaka dume likawa linatembea miguu ya nyuma limeipanua kama mtu aliyeshuka kwenye baiskeli mbovu. Rupert akamwita bwana mifugo, Crispin. Crispin akaja, akapima joto, akaangalia huko nyuma, akasema ni kirusi kimeingia kwenye mapumbu. Hakina sindano. Uvimbe unaweza kuisha wenyewe, lakini hata ukiisha, mbegu imeshachafuka, na kila jike litakalopandwa litaingiziwa ugonjwa tumboni. Jike lenyewe halitaumwa, litakula na kunenepa, ila vitoto vitakufa humo humo na kukauka. Akamwambia Rupert asimpandishe tena. Amhasi, amnenepeshe, amuuze nyama.

Rupert aliitikia. Crispin alipoondoka, akamwamuru mke wake achemshe maji ya chumvi na mwarobaini. Asubuhi na jioni Brigita akawa anachuchumaa nyuma ya Meneja na kitambaa cha moto, anakanda, na mume wake ameshika kamba ya pua, ameangalia upande wa barabarani asije akaonekana na mtu. Alikanda mpaka uvimbe ukaisha. Siku ulipoisha Rupert alifurahi kuliko alipozaliwa Clinton. Na mtu wa kwanza kuleta jike baada ya hapo alikuwa dada Asumpta. Rupert alipokea debe lake la machicha kwa mikono miwili, akasema karibu sana.

“Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni,” Brigita akasema. “Nilinyamaza. Leo nimechoka.”

Watu walianza kucheka ile ya kukanda, kicheko kikafia njiani. Maana Crispin alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha heshima pembeni ya balozi, na mkoba wake wa dawa magotini, tangu kesi inaanza. Balozi alimwita kama mtaalamu, aje atuambie kama Madamu alizaa kweli au la. Alikuwa amesikia panya. Alikuwa amesikia tumbo. Amekaa.

Asumpta akamgeukia. Akamuuliza swali fupi kuliko yote.

“Ulijua?”

Crispin akafunga zipu ya mkoba iliyokuwa imeshafungwa. Akasema yeye alitimiza kazi yake. “Aliyeniita ndiye niliyemwambia,” akasema. “Siku hizi, dada, kazi yetu ni ya anayeita. Zamani tulikuwa na mafuta, tulikuwa tunapita banda kwa banda. Sasa hakuna hayo. Ushauri ni wa aliyeulipia.”

Mimi nimesikia mengi kuhusu huo uchumi mpya. Nimesikia kwenye redio, nimesikia kwa vijana wanaouza mitumba pale sokoni, wanasema kila mtu sasa yuko huru. Sikuwahi kuuelewa mpaka siku ile. Ugonjwa ni wa wote, unatembea na dume kutoka banda hili hadi banda lile, lakini neno la ugonjwa ni la mtu mmoja, amelinunua, amelifungia ndani kama redio yake. Na bwana mifugo anapita njiani kwa baiskeli, anamwona Asumpta anaswaga Madamu kwenda kwa Meneja, anamsalimia Tumsifu Yesu Kristu, dada, anajibiwa Milele amina, anaendelea na safari. Alikiri mwenyewe kwamba alimwona.

Hapo ndipo Noela, mjane wa kule karibu na shule, akafungua mdomo. Akasema na wake. Nguruwe wake alipandwa, akarudia joto la kutaka dume, akapandwa, akarudia tena, mwishoni akaamini kuna mtu amemfunga kizazi, akamchinja Pasaka huku analia. Dastan, fundi baiskeli, akasema na wake wawili. Mmoja alitoa vyeusi kama vile pale kwenye kanga, akavitupa chooni kabla mke wake hajaviona, asije akasema ni mambo ya kwa mama mkwe. Mwingine akasema na wake. Mwingine tena.

Unaona tulivyo. Kila mmoja alizika kwake, akanyamaza kwake, akajiuliza amemkosea nani. Kwetu kitu kikizaliwa hivyo hakitangazwi. Unakifukia, unanawa mikono, unamwangalia jirani kwa jicho la pembeni. Laiti mmoja angepiga kelele, wa pili angejua, wa tatu angemwacha jike wake bandani. Lakini tulikuwa tunalinda majina yetu, na Meneja akawa anaendelea na kazi, ananenepa kwa machicha yetu. Mtu pekee aliyeweka ushahidi juu ya dari ndiye aliyeburutwa kwenye kesi.

Rupert sasa alikuwa amekaa chini, kwenye vumbi, na suruali yake ya misa. Sauti ilikuwa imemwisha. Alisema uvimbe uliisha kweli. Alisema dume lilikuwa linapanda kama kawaida, sasa mtu atajuaje. Halafu akasema lile lililokuwa ndani.

“Ningesemaje mimi? Nitoke barabarani niseme kwa Rupert kuna virusi? Nani kati yenu angekuja tena kunywa maji kwangu?”

Alikuwa anasema kweli. Miaka ile neno virusi lilikuwa na ugonjwa mmoja tu. Mdogo wake Rupert tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia, amebaki mifupa na macho, na pale msibani hatukuwa tumekula maharage tu, tulikula na maneno. Ungesema virusi viko kwenye mapumbu ya dume la Rupert, kesho yake yangekuwa ya Rupert, kesho kutwa Brigita anatengwa kisimani. Nilimwonea huruma, kusema kweli. Huruma ilidumu kidogo.

Asumpta alimsogelea, akasimama juu yake.

“Kwa hiyo ukaona afadhali waseme mimi,” akasema. “Yako ni aibu. Yangu ni desturi.”

Rupert akaangalia vidole vyake vya miguu.

“Umeingia kwangu mimi niko kanisani,” Asumpta akaendelea. “Umefungua banda. Ulikuwa unajua ni kwa nini Madamu hana vitoto kuliko mtu yeyote hapa duniani, na bado ukaja na kamba.”

Balozi alikohoa. Hapo ndipo mzee Isidori alipofika kwenye sehemu anayoipenda, ya kumaliza. Akatoa hukumu yake, na kwa haki hukumu haikuwa mbaya. Alisema Madamu ni wa Asumpta, hakuna kitoto cha dume hapo, afunguliwe. Meneja ahasiwe kesho yake, Crispin ndiye atakayemhasi, na safari hii asimtoze mtu, na Crispin akitoka hapo apite banda kwa banda kwa miguu aseme alichokijua. Crispin akaitikia huku anaangalia viatu vyake, ambavyo vilikuwa vipya. Rupert asiguse jike la mtu tena. Tukapiga makofi kidogo. Wengine wakaanza kujikung'uta makalio, tayari kwenda kutafuta chakula.

Lakini mzee Isidori ni mtu wa zamani, kwake kesi haijaisha mpaka watu wanywe pamoja. Akasema sisi ni walongo, ndugu, tunachota maji kisima kimoja, tunazikana. Rupert amekosa, lakini Rupert naye amepoteza dume. Crispin naye ni kijana wa watu. Hatuwezi kuachana hivi na vifua vimejaa. Ni lazima tupatane kwa kinywaji, wote, na aliyekosewa ndiye amshikishe kata aliyemkosea, anywe wa kwanza, ndivyo walivyofanya wazee. Na bahati nzuri, akasema huku anatabasamu kwa jino lake moja la mbele, mpishi tunaye hapa hapa.

“Basi Asumpta, mwanangu, punguza moto,” akasema. “Tuambie tu, utatupikia lini?”

Watu walilipokea hilo kwa furaha ambayo mpaka leo nikiikumbuka inanichefua. Dastan akasema kuni ataleta yeye. Noela, ambaye dakika chache nyuma alikuwa anafuta machozi ya nguruwe wake, akasema atakuja kusaidia kuchuja. Mmoja nyuma yangu akauliza kama itakuwa ile kali, ya kulazwa, au ile ya haraka haraka. Crispin alinyanyua uso kwa mara ya kwanza. Hata Rupert akasimama, akajipangusa vumbi la suruali, akapata tena sauti, ndogo ndogo, ya heshima.

“Dada Asumpta,” akasema, “Jumamosi itakufaa? Mahindi nitaleta mimi.”

Sote tukamtazama Asumpta. Brigita peke yake ndiye alikuwa ameshageuka, anashuka njia ya kwake na mtoto mgongoni.

Asumpta alipiga magoti, akavikusanya vile vyeusi vitatu, akavifunga kwenye kanga kama anavyofunga mtu vitu vyake vya thamani, akaipachika kiunoni. Akaenda kwenye mparachichi. Kamba Rupert alikuwa ameifunga fundo gumu, la ghalani, la kufungia magunia, na Asumpta alihangaika nalo, akitumia na meno, na hakuna mwanaume aliyesogea kumsaidia, kila mmoja akidhani mwenzake atakwenda. Likafunguka. Akamgusa Madamu ubavuni kwa mkono.

Madamu akatembea katikati yetu kwa ule mwendo wake, anakagua huku na huku, tukapisha, wengine tukakanyagana. Asumpta nyuma yake. Mzee Isidori akamwita kwa jina, akamuuliza tena, tuseme Jumamosi basi, au Jumapili hii nyingine? Rupert akaongeza kwamba hata Jumapili yeye sawa tu. Walikuwa wameshafika barabarani. Asumpta aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akamvusha nguruwe wake, wakashika njia ya nyumbani.